Sahihi ya Mwenye Nyumba

Mzee Venanti Nkunzimana aling'oa mlango wa mpangaji wake saa nne asubuhi, jua likiwaka na mtaa mzima ukitazama. Hakufanya kwa kificho hata kidogo. Alivaa koti lake la Jumapili, akachukua bisibisi, akachutama mbele ya vyumba viwili vya nyuma alivyompangisha Kudra, akaanza kufungua skrubu za bawaba moja baada ya nyingine. Kila skrubu iliyotoka aliitia mfukoni. Mlango ulikuwa wa mninga, mbao zake zilitoka Nyakitonto, na aliyeuchonga ni rafiki yake Reverien, fundi seremala wa karibu na soko la Kasulu. Ulikuwa mzito, na mzee alikuwa na miaka sitini na mbili, lakini hasira nayo ina mikono yake.

"Baba Divine," mkewe Akimana alimwita kutoka jikoni, mikono imejaa unga wa muhogo. "Unafanya nini hapo?"

"Naondoa mlango."

"Umeharibika?"

"Haukuharibika. Ndiyo maana nautoa mzima."

Akimana akaja mbio huku akijipangusa kwenye kanga. "Mana yanje, Mungu wangu! Mwenye vyumba yuko sokoni. Vitu vyake vyote viko ndani."

"Mwenye vyumba?" Venanti akageuka, bisibisi mkononi. "Na wewe umeanza kusema hivyo? Mwenye vyumba ni mimi, Mama Divine. Mimi na wewe. Matofali haya tuliyafyatua sisi."

Hilo lilikuwa kweli, wala hakuna jirani ambaye angelibisha. Miaka saba maharage ya shamba lao la Busunzu yaligeuka bati, msimu huu bati tatu, msimu ule nne, hadi nyumba ya mbele ikaisha na vyumba vya nyuma vikafuata. Katika ukoo wao, tangu kwa babu huko Burundi, kupitia makambini, hadi hapa Kasulu, hakuna aliyewahi kuitwa mwenye nyumba. Venanti ndiye wa kwanza. Alilipenda jina hilo kuliko sukari. Asubuhi alisimama mlangoni pa mbele akipiga mswaki muda mrefu kuliko meno yake yalivyohitaji, ili wapita njia wamkute amesimama kwake.

Na Kudra ndiye aliyekuwa mpangaji wao wa kwanza. Alikuja mwezi wa kwanza akitokea Ujiji, mwanamke wa miaka ishirini na minane, muuza vitenge, na binti yake Safina wa miaka minne. Siku za kawaida aliuza soko la Kasulu, siku za gulio akabeba bunda lake kwenda Nyarugusu. Kodi ya miezi sita aliilipa yote papo hapo. Akatoa na mkataba uliopigwa chapa, nakala mbili, akaziweka juu ya meza.

Venanti anajua kusoma, tena vizuri. Ila kwa alivyolelewa, kusoma karatasi ya mgeni huku mgeni mwenyewe anakutazama ni sawa na kukataa kinywaji chake hadi aonje yeye kwanza. Ni kumwambia, sikuamini. Kwa hiyo hakuisoma. Alitia sahihi palipoonyeshwa, taratibu, jina lote, kisha akamkaribisha. Kudra akazipeleka zote mbili kwa mwenyekiti wa mtaa kupigwa mhuri, akamrudishia mzee nakala yake, naye akaiweka juu ya kabati na kuisahau.

Baada ya hapo akaanza kungoja. Kwa desturi aliyokulia, mtu akikaa katika ardhi ya mwenzake, siku moja hurudi na kitu mkononi. Zamani ilikuwa mtungi wa pombe au kikapu cha mavuno, siku hizi hata kreti ya soda inatosha. Thamani yake si neno. Ni namna ya kusema, nakutambua. Mwezi wa kwanza ukapita, wa pili ukapita. Mzee akaona labda watu wa Ujiji huanza wakianzwa, akambebea Kudra debe la maharage mapya ya Busunzu. Kudra akashukuru sana, akaingia ndani, akatoka na noti mkononi, bei ileile ya sokoni.

"Chukua, mzee. Mimi sipendi kudaiwa."

Venanti alizipokea kwa sababu watu walikuwa wakitazama. Siku mbili hakumwambia mkewe.

Tena jana yake, mvua za mwisho za masika zilikuwa zimepata tundu kwenye paa la nyuma. Mzee akaingia sebuleni kwa Kudra kutazama panapovuja, kama mtu anavyoingia chumba chochote cha nyumba yake. Alimkuta amekaa chini kichwa wazi, anasuka nywele. Kudra akajitanda upesi, akatoka nje, akasema kwa sauti ambayo wanawake wote wa bombani waliisikia: "Mzee, bisha hodi! Hapa ni kwangu mpaka mwezi wa sita uishe." Wanawake walicheka. Pengine hawakumcheka yeye, lakini yeye ndiye aliyekuwa amesimama pale.

Basi sasa mlango ukatoka. Venanti aliufunga kwa kamba za mpira juu ya baiskeli, akausukuma hadi karakana ya Reverien, na kila aliyemwuliza alimjibu neno moja bila kusimama: "Nyumba yangu, mlango wangu."

*

Kudra alirudi saa nane, bunda kichwani, mtoto mkononi. Alimkuta Akimana amekaa juu ya kigoda penye kizingiti, pazia likipepea nyuma yake. Alikuwa hapo tangu saa nne. Unga wa muhogo ulikuwa umekaukia vidoleni. Ndani mlikuwa na marobota matatu ya vitenge, jiko la gesi, na kitanda, na mtaa ulikuwa na watu wa kila namna. Aliyeutoa mlango amekwenda kunywa kahawa, na mkewe amebaki kuwa mlango.

"Shikamoo, mama. Mlango uko wapi?"

"Marahaba, mwanangu. Mlango... umekwenda kwa fundi." Uongo ulimkaba Akimana, akautema. "Oya, hapana. Sikudanganyi. Baba ameuondoa. Anataka uhame."

Kudra hakupiga kelele. Alishusha bunda, akampa Safina chupa ya maji, akavuta pumzi.

"Ameacha barua?"

"Barua gani?"

"Ya notisi. Ya mwezi mmoja."

"Hakuandika barua, mwanangu."

"Basi sihami."

Aliingia ndani, akahesabu marobota yake kwa macho, akatoka tena na bahasha ya plastiki. Ndani yake mlikuwa na mkataba. Aliushika tu, bila kuufungua.

"Njooni mlale kwetu," Akimana alimsihi. "Chumba cha Divine kiko wazi, yeye yuko Kibondo kazini. Shuka ni safi."

"Nakushukuru, mama, sana. Lakini nimelipia hapa. Nikilala kwako leo, kesho nitaambiwa nilihama mwenyewe."

Akimana aliona aibu ya kweli, ile inayopanda shingoni hadi masikioni. Hakuwa na ugomvi na binti huyu. Safina alikuwa akija jikoni kwake kila asubuhi kuomba kipande cha muhogo, akila amekaa juu ya mfuniko wa ndoo kama malkia.

Jioni Venanti alikula ugali wake peke yake mezani, kwa sababu mkewe alikuwa anakunja mkeka.

"Unakwenda wapi na mkeka?"

"Kulala mlangoni kwa Kudra. Mlango hakuna, nitalala mimi."

"Mama Divine, utaniaibisha mbele ya watu?"

"Mimi?" Akimana aliuegemeza mkeka ukutani. Hakupaza sauti. "Marehemu mama yako alinisimulia mlivyotoka kwa yule shebuja, bwana mwenye ardhi. Baba yako alikuwa amekaa kwenye shamba lake miaka mingapi, analima, anampelekea pombe kila msimu. Msimu mmoja mtama haukutosha, hakupeleka. Yule bwana hakumpiga wala hakumtukana. Alituma watu wakabeba urugi, ule mlango wa fito alioufuma baba yako kwa mikono yake. Mkakaa wazi na wadogo zako wanatetemeka. Si ndivyo?"

"Usimtaje baba hapa."

"Namtaja."

"Baba alikuwa hana karatasi!" Venanti aligonga meza. "Alikaa pale kwa neno la mtu. Neno likigeuka, umekwisha. Hakuwa na karatasi hata moja ya kumwonyesha mtu."

"Ego, ndiyo," Akimana alisema, akibeba mkeka wake. "Huyu anayo."

*

Ofisi ya mwenyekiti wa mtaa ilikuwa chumba cha nyuma cha duka lake mwenyewe, kikinuka sabuni na mafuta ya taa. Mwenyekiti alikuwa Abbasi, mfanyabiashara mpole mwenye ndevu nyeupe, asiyependa ugomvi kama paka asivyopenda maji. Yeye na Venanti walikuwa wakinywa kahawa pamoja kila jioni kwa mwaka wa kumi sasa. Asubuhi iliyofuata alimvutia mzee kiti cha plastiki chenye mikono. Reverien naye alikuwapo kama mzee wa mtaa, kwenye kiti cha pili. Kudra alionyeshwa benchi, akakaa na Safina mapajani. Akimana akaona viti vimekwisha, akaenda kukaa kwenye benchi, ubavuni kwa Kudra. Venanti aliliona hilo.

"Binti yangu Kudra," Abbasi alianza, "sisi hapa ni watu wazima. Nyumba haikaliki kwa ubishi. Wewe ulimtolea mzee maneno bombani, wanawake wakacheka. Mzee wa watu, mvi kichwani. Ilikuwa vizuri?"

"Aliingia bila hodi, mwenyekiti."

"Ni kwake!" Reverien alidakia.

"Subiri, Reverien." Abbasi aliinua mkono. "Nimefikiri hivi. Wewe binti utamwomba mzee radhi. Yeye kwa uungwana wake atakurudishia kodi ya miezi miwili iliyobaki. Jumapili unahama salama, na mlango unarudi kwa mpangaji mwingine. Hakuna aliyeshinda, hakuna aliyeshindwa. Mzee Venanti, unasemaje?"

Venanti aliinamisha kichwa kwa heshima. Aliona jambo limekwenda vizuri kuliko alivyotarajia.

"Mwenyekiti," Kudra alisema, "nimeleta mkataba. Naomba usomwe."

"Tunaujua huo."

"Nashukuru kama mnaujua. Lakini mhuri ni wa ofisi hii. Naomba usomwe hapa, tuusikie wote."

Abbasi alikohoa, akavaa miwani, akausoma haraka haraka kama mtu anayesoma orodha ya bei. Mwenye nyumba atampa mpangaji risiti ya kila malipo. Mwenye nyumba atahakikisha paa, milango na choo viko katika hali nzuri wakati wote wa mkataba. Mwenye nyumba hataingia katika chumba cha mpangaji bila kumtaarifu, isipokuwa kwa dharura. Mwenye nyumba akitaka kuvunja mkataba atatoa notisi ya mwezi mmoja kwa maandishi, na mpangaji vivyo hivyo.

Hiyo ndiyo mara ya kwanza Venanti kuusikia mkataba wake. Alianza kuusikiliza kwa hasira, akitafuta mahali alipodanganywa. Hakupaona. Kila sentensi ilianza naye. Mwenye nyumba, mwenye nyumba, mwenye nyumba. Miezi minne alikuwa amengoja kreti ya soda ili atambuliwe, kumbe alikwisha kutambuliwa kwa chapa, ukurasa mzima, na yeye akauweka juu ya kabati. Aliona aibu, na ndani ya aibu hiyo kulikuwa na kitu kingine ambacho bado hakujua akiitaje.

"...na chini hapa sahihi," Abbasi alimaliza, akaukunja mkataba mara mbili. "Haya, umesomwa. Lakini binti, hebu tuseme ukweli. Hii ni karatasi tu. Karatasi haijengi nyumba. Mzee Venanti tunamfahamu, ni mtu wetu, na sisi ndio tuliokaa hapa. Karatasi isitugombanishe."

Reverien alicheka kidogo. Kudra alimtazama mwenyekiti, kisha wazee wawili kwenye viti vyao, kisha binti yake aliyesinzia. Usiku hakulala. Siku hiyo ilikuwa ya gulio na alikuwa ameikosa, na marobota yake yalikuwa nyuma ya pazia, jirani mmoja akiyaangalia kwa hisani. Mabega yake yalishuka.

"Kama ndivyo mlivyoamua, wazee wangu," alisema, akisimama na mtoto begani, "mimi ni mtu mmoja. Nitaomba radhi. Mzee Venanti, naomba..."

"Kaa, mwanangu," Venanti alisema.

Kudra hakuelewa. Akimana alimshika kanga, akamkalisha.

"Mwenyekiti, rudia ulilosema."

"Lipi?"

"La karatasi."

"Nimesema ni karatasi tu." Abbasi alitabasamu. "Nakusaidia, mzee."

"Najua unanisaidia. Ndiyo maana naogopa."

Alisimama. Koti lake la Jumapili lilikuwa na skrubu mfukoni, zikagongana.

"Mimi maisha yangu nimebonyeza dole gumba," alisema. "Foleni ya mahindi kambini, dole gumba. Orodha ya mablanketi, dole gumba. Wino ule haukutoka mpaka uusugue kwa majivu, na kabla haujatoka orodha nyingine imekuja. Sahihi nimeandika mara mbili tu, Abbasi. Ya kwanza siku ya uraia. Wiki nzima nilijifunza kwenye daftari la Divine, Nkunzimana, Nkunzimana, ili nisije nikaharibu fomu ya serikali. Mke wangu yuko hapa, muulize. Ya pili ni hiyo uliyoikunja."

"Ni kweli," Akimana alisema.

"Mzee, hayo ni mambo mengine kabisa."

"Ni mkono uleule!" Venanti aliuinua. "Ukisema hii ni karatasi tu, na ile je? Leo hii inafutika kwa sababu mimi na wewe tunakunywa kahawa. Kesho atakuja mtu anayekunywa kahawa na mkubwa kuliko wewe. Atasema, Venanti ni mtu wa kuja, arudi alikotoka, cheti chake ni karatasi tu. Nitamwonyesha nini? Nitasema nini, na mimi mwenyewe nilikaa hapa kwenye kiti chenye mikono, nikaitika?"

Abbasi alivua miwani. Reverien aliacha kucheka, akatazama viatu vyake. Naye nyumbani alikuwa na cheti kama hicho, kimefungwa ndani ya mifuko miwili ya plastiki.

"Tafadhali ukunjue," Venanti alisema. Mwenyekiti aliukunjua mkataba, akaulaza mezani, akaupapasa mikunjo kwa kiganja. "Sasa andika. Venanti Nkunzimana amevunja mkataba. Mlango unarudi leo. Kama kuna faini, andika na faini."

"Faini hapa hakuna, mzee."

"Basi andika nimekosa, upige mhuri. Mhuri usiwe wa kuwapigia wapangaji peke yao."

Abbasi aliandika. Aliandika polepole, na alipomaliza alisema kwa sauti ya chini, "Umenifundisha, rafiki yangu," na alikuwa anasema kweli. Venanti akamgeukia Kudra.

"Na lile la bombani, ulisema haki. Ni kwako mpaka mwezi wa sita uishe." Akasita. Kiburi hakifi siku moja. "Ila ungesema polepole, mwanangu."

"Nisamehe, baba," Kudra alisema. "Sauti niliipaza. Neno silirudishi."

"Usilirudishe."

*

Karakanani, Reverien alijaribu kumnusuru. "Ngoja jioni, mzee. Sasa hivi soko limejaa. Watakuuliza."

"Niliutoa watu wakiona. Nitaurudisha watu wakiona."

Wakaufunga mlango juu ya baiskeli. Venanti alishika usukani, Akimana akashikilia nyuma, wakapita katikati ya Kasulu saa sita mchana. Watu walimwuliza kweli. Mwuza dagaa alimwuliza, waendesha bodaboda walimwuliza kwa kejeli, mke wa mchungaji alimwuliza kwa huruma, jambo ambalo lilikuwa baya zaidi. Mara hii alisimama kwa kila mmoja.

"Mzee, mlango huo tena?"

"Nilikosea. Ni wa mpangaji wangu. Naurudisha."

"Si nyumba ni yako?"

"Ni yangu. Ndiyo maana ni mimi ninayeurudisha."

Akimana alihesabu. Mumewe alisema "nilikosea" mara kumi na moja kutoka soko hadi nyumbani, na mara ya kumi na moja ilikuwa na nguvu kuliko ya kwanza. Ameolewa na mtu huyu miaka thelathini na minne. Amemwona akilima juani na homa, amemwona akipanga foleni, amemwona siku walipopandisha bati la mwisho akilia na kusema ni vumbi. Hakuwahi kumwonea fahari kama saa ile, jasho likimtiririka ndani ya koti la Jumapili, akijitangaza mkosaji kwa mwuza dagaa.

Mlango ulirudi mahali pake. Skrubu moja ilikuwa imepotea njiani, Kudra akatafuta kwenye kopo lake la vifungo, akapata inayofaa. Jumamosi, baada ya kumtaarifu tangu Alhamisi, mzee alipanda darini na kuziba tundu. Hakuna aliyemletea soda, naye hakuitazamia.

*

Mwisho wa mwezi wa tano, Kudra alikuja nyumba ya mbele. Alikuwa amevaa vizuri, na Safina ameshika ncha ya kanga yake. Alitoa bahasha kwa mikono miwili.

"Baba, nimepata fremu ya duka na chumba Makere, karibu na Nyarugusu. Nauli imenimaliza. Nimeandika notisi."

Alikataa kukaa, bunda lilikuwa likimngoja. Venanti alivaa miwani, akaifungua bahasha kwa kisu cha jikoni ili isichanike. Barua ilikuwa ya mkono, mistari imenyooka, nakala kwa mwenyekiti wa mtaa. Aliisoma yote, kuanzia tarehe, midomo ikicheza. Alipofika mwisho alirudi mwanzo, akaisoma tena. Akimana alikaa karibu naye akipepeta maharage, na alikwisha kujua kilichomo, maana Safina alikuwa amemnong'oneza jikoni. Alikuwa anafikiria kodi ambayo haitakuwapo mwezi wa saba, na mfuniko wa ndoo utakaokosa mtu wa kuukalia.

"Anaondoka," alisema.

"Ego, anaondoka." Venanti alimsogezea karatasi, akaweka kidole kwenye mstari wa kwanza, juu kabisa. "Lakini hebu soma hapa, Mama Divine. Soma kwa sauti, anamwandikia nani."

Akimana aliweka ungo chini, akajipangusa mikono, akasoma.

"Kwa Mwenye Nyumba, Ndugu Venanti Nkunzimana."